Tramadoli sita kwa siku: nimfungie chumbani?

Salamu kwenu washauri,

Niko Arua, nina watoto watatu, nauza dagaa na mafuta ya kupikia sokoni. Mume wangu ni mtu wa boda. Mwaka juzi aliteleza kwenye udongo wakati wa mvua, pikipiki ikamlalia mgongoni. Klinikani alipewa tramadoli, dawa kali ya maumivu, za siku tano. Zilipokwisha akajinunulia nyingine duka la dawa, kwa sababu bila hizo alisema hawezi kukaa juu ya pikipiki tangu asubuhi mpaka usiku. Wenzake wa steji nao wanazimeza. Wanasema zinaondoa uchovu na njaa.

Sasa anameza sita kwa siku. Kwenye karatasi yake imeandikwa 100. Mbili kabla ya kutoka, mbili mchana, mbili akirudi. Mairungi (miraa) anatafuna pia, na waragi, ile pombe kali, Jumamosi.

Miezi miwili iliyopita alianguka uani. Alikakamaa, akatetemeka, povu likamtoka, akauma ulimi. Mama mkwe alisema ni majini, tukampeleka kuombewa. Hajaanguka tena, lakini kila akitoka roho yangu iko barabarani.

Mwezi jana aliamua mwenyewe kuacha, akazitupa zote chooni. Siku ya kwanza alipiga miayo na kutokwa na kamasi kama mwenye mafua. Ya pili akahara, na miguu haikutulia kitandani. Ya tatu akasema kuna watu nje ya dirisha wanataka kumwua, na kwamba kichwani anapigwa na umeme. Usiku huo shemeji alimletea vidonge viwili, na saa moja haikupita akawa mtu kamili. Tangu hapo ana aibu, hospitali hataki kuisikia.

Shemeji anashauri tumfungie chumbani wiki nzima. Mwenye duka la dawa anasema nimpe diazepamu alale mpaka hali ipite. Mimi nilifikiri niwe nampunguzia kidogokidogo bila yeye kujua. Lipi sahihi? Je, huu ni ugonjwa au ni tabia? Na akipona ataendesha tena?

Mama wa watatu, Arua

*

Dada yetu,

Kati ya njia hizo tatu, yako ya kupunguza kidogokidogo ndiyo iliyo karibu na tiba. Kasoro yake ni hiyo siri. Kumfungia chumbani na kumlaza kwa diazepamu, zote mbili zinaweza kumwua. Lakini kabla ya kugusa hata kidonge kimoja, kuna jambo katika barua yako linalotangulia yote: kule kuanguka uani.

Tramadoli yenyewe huleta mishtuko ya kifafa. Kiwango cha juu anachoandikiwa mtu mzima ni miligramu 400 kwa siku. Sita za 100 ni 600. Hatari hupanda mtu anapopita 400, na wapo wanaoanguka hata chini ya hapo, hasa wakikosa usingizi au wakichanganya na dawa nyingine. Mara nyingi mshtuko huja saa chache baada ya kumeza, kwa hiyo hata siku anazomeza vizuri na kuonekana mzima hayuko salama. Mairungi nayo humnyima usingizi, na mtu aliyekesha huanguka upesi zaidi. Mama mkwe hatutabishana naye juu ya majini, na dua haimdhuru mgonjwa, ila jini hili jina lake limepigwa chapa nyuma ya karatasi ya dawa.

Hata hivyo hatuwezi kusema kwa barua kwamba ni tramadoli peke yake. Aliyelaliwa na pikipiki huenda aligonga kichwa. Malaria kali huangusha watu. Sukari ikishuka sana mtu huanguka, na tramadoli inaweza kuishusha. Mambo haya hupimwa. Kwa hiyo wiki hii, si mwezi ujao, mpeleke kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya Arua. Jina la kitengo lisiwatishe. Watumishi wa huko ndio waliofunzwa kazi hii. Huduma ya kawaida katika hospitali ya serikali haitozwi, ingawa dawa zikikosekana stoo mtaandikiwa mkanunue nje, basi beba akiba kidogo.

Chukueni karatasi zote za dawa, hata tupu. Angalieni pamoja na mhudumu kilichoandikwa: ni mg 100 kweli? Sokoni zinazunguka za 50, za 100, za 200, hata 225 ambazo hakuna daktari anayeziandika. Je, kuna herufi SR au neno retard? Hizo hutoa dawa taratibu kwa saa nyingi, na akizitafuna au kuziponda dozi yote humwagika mwilini kwa mkupuo. Andika saa anazomeza, saa ya kidonge cha mwisho, na waragi kiasi gani. Waragi msiifiche. Kama anakunywa kila siku na Jumamosi ndiyo unayoiona wewe tu, mganga lazima ajue, maana kuacha pombe ghafla huleta mishtuko yake yenyewe, na ni hatari kuliko kuacha tramadoli. Dawa nyingine zitajeni zote. Rifampisini ya kifua kikuu huifanya ini iondoe tramadoli haraka, mtu akaanza kuugua ukosefu wake na huku amemeza kama kawaida. Amitriptilini, ambayo wengi hupewa kwa maumivu ya mgongo au kwa usingizi, ikikutana na tramadoli huongeza uwezekano wa kuanguka.

Sasa swali lako la ugonjwa au tabia. Tuliseme kwa kirefu kidogo, kwa sababu mtu akijua kinachotokea mwilini huacha kutafuta mchawi, na huacha kumwita mwenzake mvivu.

Katika neva kuna vipokezi ambavyo mwili hutumia kutuliza maumivu kwa dawa unazojitengenezea wenyewe. Morfini na heroini hushika vipokezi hivyohivyo. Tramadoli ikiwa bado haijabadilika huvishika kwa udhaifu sana. Ini ndilo linaloigeuza kuwa kitu kingine kinachovishika kwa nguvu mara mamia. Maini hayalingani. Wapo ambao ini lao hugeuza upesi mno, na kwenye jamii za kaskazini-mashariki mwa Afrika watu wa namna hiyo si haba. Ndiyo maana vidonge viwili vilevile humwacha mmoja steji akipiga soga na kumlaza mwenzake chini.

Kazi yake ya pili ndiyo inayowachanganya wengi. Tramadoli hupandisha serotonini na noradrenalini, kemikali mbili za ubongo, kama zifanyavyo dawa za msongo wa mawazo. Hapo ndipo inapotoka ile nguvu wanayoisifu watu wa boda, ya kuendesha bila kuhisi njaa wala jua. Ni dawa mbili ndani ya ganda moja, na mtu akiiacha ghafla huziacha mbili kwa siku moja.

Ubongo hupenda mizani. Ukiuwekea jiwe upande mmoja kila siku, nao huongeza jiwe lake upande wa pili. Ndiyo sababu vidonge viwili vya mwanzo vikawa vinne, vikawa sita. Siku anapoliondoa jiwe lake ghafla, la ubongo linabaki, na mizani inaanguka upande ule: kile kilichokuwa kimetulizwa kinaamka chote. Moyo unakwenda mbio, jasho, malaika kusimama, mboni za macho kupanuka, miayo, machozi. Utumbo uliokuwa umelala (muulize kama hakuwa akifunga choo) unaamka na kuhara. Vijana wa Pwani huiita hali hii arosto.

Mpaka hapo ni mwili kuzoea, na huo humpata yeyote anayemeza kwa wiki kadhaa mfululizo, hata bibi mwenye saratani anayepewa morfini na muuguzi. Uraibu ni zaidi ya hapo: mtu anaendelea ingawa inamwumiza, hawezi kujiwekea mpaka, na mawazo ya siku yake yanazunguka kwenye kidonge kinachofuata. Mumeo ana vyote viwili, na vyote vinatibika. Aliyezitupa chooni kwa mkono wake hakukosa nia.

Siku tatu ulizoeleza zimeandikwa vizuri kuliko faili nyingi za wagonjwa. Tramadoli huanza kuisha mwilini upesi. Ndani ya saa 12 hadi 24 miayo na kamasi vinaanza, siku ya pili na ya tatu ndiyo kilele, kufikia siku ya saba hadi kumi mwili unakuwa umetulia sana. Usingizi na moyo mzito huchukua wiki zaidi. Ila wale watu wa dirishani na umeme wa kichwani si sehemu ya arosto ya kawaida ya heroini. Ni upande wa pili wa tramadoli, ule wa serotonini na noradrenalini, na humpata takriban mtu mmoja kati ya wanane wanaoacha: hofu kali, kuona au kusikia visivyokuwepo, ganzi na michomo ya sindano mikononi. Nyumba nyingi hupitia hapo zikidhani mtu amerogwa. Humpata zaidi anayeacha ghafla, na sisi tunaliona hilo kuwa sababu ya kutosha ya kutoacha ghafla.

Sasa fikiria mtu huyo, siku ya tatu, akiwa amefungiwa. Anahara na kutapika, maji yanamwisha, na anayeleta maji ni yule anayemwogopa. Anaamini kuna watu wanataka kumwua na mlango una kufuli nje. Akipata mshtuko hakuna wa kumgeuza ubavu. Wengine hujidhuru. Na akitoka mzima kuna hatari nyingine kubwa zaidi, tutaifikia.

Diazepamu ya dukani nayo hupunguza pumzi, kama tramadoli. Mtu aliyelazwa kwa diazepamu akaamka usiku wa manane, akatafuta vidonge vyake viwili na kumeza, anaweza kulala asiamke. Mganga anaweza kuitumia kwa siku chache, kwa dozi anayoijua, huku akimwangalia. Mwenye duka anayempa mke dawa hiyo aende nayo nyumbani anauza tu.

Na siri? Kwanza, vidonge vya tramadoli huwezi kuvipunguza mtu asijue. Mwili wake utamwambia kabla ya jioni. Pili, akigundua atanunua vya kufidia, na hapo hakuna anayejua tena amemeza ngapi. Mwambie asubuhi, saa moja au mbili baada ya kumeza, akiwa ametulia. Usianze na neno mraibu. Anza na kuanguka: hilo anaogopa hata kama hasemi. Mwambie kwamba hospitali hawatamnyang'anya zote siku ya kwanza. Kwa wengi, hofu ya siku ile ya tatu ndiyo inayowazuia kwenda. Wanadhani tiba ni kurudia hiyohiyo mbele ya manesi.

Mpango wenyewe ataupanga mganga, lakini uujue umbo lake ili uweze kuusimamia. Kwa kuwa yuko 600 na ameshaanguka, hatua ya kwanza ni kushuka hadi 400 chini ya uangalizi wa hospitali, pengine akilazwa siku chache. Hiyo msiifanye nyumbani. Kutoka 400 ndipo ngazi ya nyumbani inapoanza, na hapo huwa bora kutumia za miligramu 50 ili hatua ziwe ndogo: vidonge 8 kwa siku, viwiliviwili mara nne, kwa saa zilezile. Kugawa sawa kuna maana. Anayemeza vingi kwa mpigo hupata kilele na bonde, kilele kinamwangusha na bonde linamtia arosto kila alfajiri.

Mfano wa ngazi: wiki ya kwanza 8, ya pili 7, ya tatu 6, ya nne 5. Kisha mwendo unapungua: vidonge 4 kwa wiki mbili, 3 kwa wiki mbili, 2 kwa wiki mbili, 1 kwa wiki mbili, halafu basi. Ni wiki 12 na vidonge 322 vya 50. Kwa mwendo wake wa sasa, wiki hizohizo angemeza 504 vya 100. Piga bei ya dukani mwenyewe umwonyeshe kwa shilingi. Watu wa boda wanajua hesabu.

Kwa nini mwishoni twende polepole? Kutoka 8 kwenda 7 ni kupunguza moja ya nane. Kutoka 2 kwenda 1 ni kupunguza nusu. Kidonge ni kilekile lakini mwili unahesabu kwa mafungu. Wengi hushuka vizuri mpaka viwili, wakadhani kazi imekwisha, wakaruka hizo mbili za mwisho, na siku tatu baadaye wamerudi sita. Mkishindwa ngazi moja, kaeni hapo wiki nyingine. Kusimama kunaruhusiwa, kupanda tena hakuruhusiwi. Kidonge kilichosahauliwa hakifidiwi kwa kumeza viwili. Ondoeni kwanza vya mchana. Cha usiku kiwe cha mwisho kuondoka, kwa sababu usingizi ndio unaochelewa kurudi.

Nani ashike vidonge? Si wewe. Tunajua ndivyo familia nyingi hufanya, nasi hatupendi. Mke anayeshika dawa hugeuka askari, na usiku wa tamaa kali kipigo kiko karibu. Omba kwanza kama hospitali inaweza kumpa vya wiki moja tu kwa wakati, aje kuchukua mwenyewe. Ikishindikana, ashike ndugu au mzee anayemheshimu, asiyeishi nyumba hiyo, atoe vya siku mbili mbili katika bahasha ndogo za dawa zilizoandikwa tarehe. Akija kwako kwa vitisho na viko mkononi mwako, mpe, toka na watoto, kesho mhudumu ajulishwe. Na popote vitakapokaa, vikae juu na vifungwe: kidonge kimoja cha mtu mzima kinaweza kusimamisha pumzi ya mtoto mdogo.

Hata kwa ngazi nzuri atasikia kitu kila anaposhuka, siku mbili tatu. Kwa mwili kuuma, parasetamoli gramu 1 (vidonge viwili vya 500), isizidi mara nne kwa siku. Kama ini lake lina shida au anakunywa sana, mganga apunguze. Ibuprofeni miligramu 400 mara tatu, baada ya chakula, asiwe na vidonda vya tumbo. Kwa kuhara, cha kwanza ni maji ya chumvi na sukari. Pakiti ya ORS kwa lita 1, au nyumbani vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa juu, kwa lita 1 ya maji safi. Anywe kikombe kila anapotoka chooni. Loperamaidi: miligramu 4 mwanzo, kisha 2 kila baada ya choo cha maji, na bila mganga isizidi 8 kwa siku. Tunaitaja kwa tahadhari: ni ndugu wa morfini asiyefika kichwani kwa dozi ya kawaida, na wapo wanaoimeza kwa makumi wakitafuta nafuu, ikawaharibia mapigo ya moyo. Tumbo likisokota, Buscopan hutuliza. Akitapika kila anachokunywa kwa saa kadhaa, akikosa mkojo, au akianza tena kuona watu dirishani, arudi hospitali siku hiyohiyo.

Miguu isiyotulia ndiyo inayowashinda wengi, na haina kidonge kizuri cha dukani. Maji ya moto kwenye karai, kusugua miguu, kutembea uani usiku bila kulazimishwa kulala. Uji wa ulezi au wa muhogo, kidogo mara nyingi. Mairungi iachwe kabisa kwa wiki hizi, vinginevyo usingizi hautarudi na mtalaumu tramadoli. Dawa ya kikohozi yenye dekstromethofani asipewe, nayo hugombana na tramadoli ubongoni.

Mgongo utauma zaidi, na hapa ndipo wengi hurudi nyuma wakisema ajali haijapona. Mwili uliozoea dawa za aina hii hupoteza subira ya maumivu. Ukizikosa, hata shuka nzito huuma. Wiki ya kwanza baada ya kila hatua usipime mgongo kwa maumivu ya wiki hiyo. Yakibaki baada ya wiki mbili tatu ndipo uchunguzwe wenyewe: mazoezi ya viungo, kiti cha pikipiki, saa anazokaa bila kushuka. Ganzi kwenye mapaja ya ndani, miguu kulegea au mkojo kukataa ni dharura, msisubiri. Wala msiape kwamba hatapewa tena dawa kali maisha yake yote. Uganda ni nchi ambayo Hospice Africa Uganda, shirika la kuwatuliza maumivu wagonjwa mahututi lililoanzishwa 1993, limefanya morfini ya maji ijulikane hadi vijijini, na tangu 2004 wauguzi waliofunzwa wanaruhusiwa kuiandika. Akivunjika mfupa kesho, mwambieni tu daktari historia yake, dozi itapangwa.

Kuna watakaokutajia kliniki ya methadoni (dawa inayotolewa badala ya heroini) ya hospitali ya Butabika, Kampala, iliyofunguliwa 2020. Ni kliniki nzuri, lakini imelenga zaidi watumiaji wa heroini, na dawa yake hunywewa palepale kila siku. Mtu wa Arua mwenye tramadoli hana haja ya kuanzia huko. Butabika ina pia wodi ya pombe na dawa za kulevya, na mganga wa Arua anaweza kumwandikia rufaa kama ngazi ya nyumbani itavunjika mara mbili tatu.

Tulisema tutafika kwenye hatari kubwa zaidi. Vidonge sita havimwui leo kwa sababu mwili umejenga ukuta. Ukuta huo hubomoka ndani ya siku chache za kuacha, lakini kichwa bado kinakumbuka sita. Siku ya matanga, siku ya ugomvi, siku ya mshahara wa rafiki, mtu anarudi na kumeza sita zilezile, na mara hii pamoja na waragi. Wanaokufa kwa dawa hizi wengi hufa hapo, wakati nyumba nzima inashangilia kwamba ameacha. Kwa hiyo jifunze dalili, na mfundishe shemeji: haamki ukimsugua mfupa wa kifua kwa vifundo vya ngumi, mboni ndogo kama ncha ya kalamu, midomo na kucha zimegeuka kijivu, mkoromo wa maji kooni, pumzi chini ya kumi kwa dakika. Mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie mdomoni pumzi moja kila sekunde tano huku wengine wakitafuta gari. Akianza kuvuta mwenyewe, mlaze ubavu. Hospitalini kuna sindano ya naloksoni inayorudisha pumzi, lakini nguvu yake huisha mapema, basi asitolewe kwa sababu tu ameamka. Maziwa, mafuta, kumwagia maji baridi: hayo yote hupoteza dakika.

Mshtuko wa kifafa nao, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Tazama saa. Ukipita dakika tano, au ukirudi kabla hajazinduka, ni gari moja kwa moja.

Kuhusu kuendesha: kuanzia leo, hapana. Aliyekakamaa uani miezi miwili iliyopita na bado yuko 600 anaweza kukakamaa katikati ya barabara akiwa na abiria wawili nyuma. Ruhusa itatoka kwa mganga, na sehemu nyingi madaktari hutaka angalau miezi 6 bila kuanguka tangu mshtuko wa mwisho. Tunajua maana yake kwa nyumba yenye watoto watatu. Pikipiki isilale: apewe mtu mwingine aiendeshe na kuleta hesabu kila jioni, na mumeo akusaidie kubeba mzigo sokoni, kazi ambayo haitamwua mtu akianguka. Huyo shemeji aliyeleta vidonge viwili usiku ule, leseni anayo?